Kipande cha Mama

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Simu hupokei, ujumbe unausoma halafu unajitia hamnazo, kwa hiyo nimeamua kushika kalamu kama watu wa zamani. Wifi yako ananicheka. Anasema mkaguzi mzima wa mizani, mtu wa kufungia wenzake maduka, anamwogopa dada yake mdogo. Nimemwambia huyo humjui, hakuitwa Sindano kwa wembamba peke yake.

Uliyosema kabla hujanikatia simu nimeyasikia. Umechoka. Mama anasahau jiko likiwaka, anatoka asubuhi na kikapu kupeleka nguo kwa watu waliokwisha kuhama, na wewe uko chumba cha mbele unashona sare za shule kwa jicho moja, la pili liko mlangoni. Sikatai. Ulisema pia kwamba mimi natuma chochote mwisho wa mwezi na kudhani nimemaliza. Hilo lilinichoma, lakini nimelimeza.

Sasa nina wazo, usiruke kabla hujamaliza kusoma. Unakumbuka mkate? Mama akirudi kufua kwa watu, anatoa mkate kwenye kikapu, anauweka mezani pamoja na kisu, na anasema neno lile lile: mmoja akate, mwingine achague. Ukikata kwa tamaa, tamaa inakurudia mwenyewe. Wewe ulikuwa unapiga magoti kwenye kiti na kulaza shavu mezani ili uone kipande kipi kimezidi. Siku ukikata wewe ulikuwa unakata kwa makini kama daktari wa upasuaji.

Mimi elimu hiyo ndiyo inayonilisha mpaka leo. Mwenye duka akiniapia kwamba mizani yake haina kasoro, simbishii. Namwambia agawe mchele mafungu mawili kwa mizani yake hiyo hiyo, halafu achague mteja. Uso unambadilika hapo hapo.

Basi na sisi tufanye hivyo. Nyumba iko kwa jina la Mama, na Mama hawezi tena kusema la maana juu yake. Chukua mambo yote ya nyumbani, yote, uyagawe mafungu mawili kwa namna unayoona wewe ni haki. Kata wewe. Mimi nitachagua, na sitalalamika, na hakuna atakayesema amepunjwa.

Nakungoja.

Kaka yako


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma Mama akiwa amesimama nyuma yangu anapiga pasi. Waya wa pasi nimeung'oa tangu siku alipounguza pazia. Kwa hiyo anapiga pasi baridi. Anachovya vidole kwenye maji, ananyunyiza, ananyoosha kola, anakunja, anaweka pembeni, halafu analichukua shati lile lile na kuanza upya. Mikono haijasahau udobi hata kidogo. Kilichoondoka ni kichwa. Siku nyingine ananiita dada, ananiuliza nguo zangu nilizileta lini, na ananiomba radhi kwa kuchelewa.

Juzi alitoka tena. Fundi seremala wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemrudisha, amemshika mkono polepole kama bibi harusi. Nilicheka mbele ya yule fundi, nikamshukuru, nikaenda kulia chooni.

Hayo ndiyo mambo ya nyumbani unayotaka niyagawe. Nyumba yenyewe uliiona lini? Mara ya mwisho ulikaa ukingoni mwa kiti na viatu vyako miguuni, chai ukaiacha nusu, na saa yako uliitazama kuliko ulivyomtazama aliyekuzaa. Leo umekumbuka mkate. Nilitaka kuichana barua, nikasema hapana, kaka yangu ametaka haki, apewe haki.

Haya. Fungu la kwanza ni nyumba yote, pamoja na ua wake na hiki chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho wenye biashara wanakimezea mate kila siku. Fungu la pili ni Mama.

Nimekata. Chagua.

Sindano


Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimemchagua Mama.

Wifi yako ameridhia. Chumba cha wageni kimepakwa rangi, na mlango wa mbele nimeuwekea komeo juu asikofikia. Nitakuja Jumamosi na gari la kazini. Mfungie nguo zake na dawa. Nyumba ni yako, na ukitaka tuandikiane mbele ya wakili, tutaandikiana.

Sasa pumzika.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Kumbe ulikuja kweli. Mpaka gari linasimama mlangoni nilikuwa najiambia unanifanyia masihara, kwamba utashuka, utanicheka, utasema, "Mdogo wangu, kaa na vyote viwili, mimi nitakuwa nakuja tusaidiane." Ulishuka ukauliza mzigo uko wapi.

Nikafunga mdomo. Aliyekata hasemi kitu, si ndiyo sheria? Nikamvisha gauni lake la bluu. Yeye alidhani anapeleka nguo kwa wateja, ndiyo sababu hakukubali kuiacha pasi, akaipakata njia nzima nadhani. Gari lilipoanza kuondoka alinichungulia dirishani akaniambia, "Zako zitakuwa tayari Jumatatu, dada." Wewe ulikuwa unarekebisha kioo, hukusikia.

Sasa sikiliza, maana haya hayamo kwenye ile karatasi ya dawa. Chai asipewe ya moto, anasahau kupuliza. Usimwambie "hukumbuki?" hata kama umechoka vipi, maana anaona haya, na akiona haya anajifungia chumbani. Pasi mwachie, haina waya, haimdhuru mtu. Na wakati wa chakula mtu akae naye mezani, asiachwe peke yake na sahani.

Humu ndani pamekuwa kimya. Nilidhani nikipata utulivu nitashona sare za shule nzima. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Jicho la pili bado liko mlangoni, linamngoja nani sijui.

Niandikie anakulaje.

Sindano


Tarehe 13 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Anakula vizuri, analala vizuri. Daktari ameshauri azoee kwanza mazingira mapya, kwa hiyo usije sasa hivi, utamvuruga. Wakati ukifika nitakuambia.

Kazi ni nyingi. Tunakagua pampu za vituo vya mafuta mji mzima, na kila mwenye kituo ana hadithi yake. Ile pasi tumeiweka kabatini, ilikuwa kero kidogo.

Usiwe na wasiwasi. Anakula vizuri.

Kaka yako


Tarehe 22 Aprili

Kaka,

Umeniandikia mara mbili katika barua fupi kiasi kile kwamba anakula vizuri. Maneno yamekaa kama kile kibandiko unachowabandikia watu kwenye mizani: imekaguliwa, iko sawa. Mimi ni mdogo wako, usinibandike kibandiko. Nini kinaendelea huko?

Mtoleeni pasi yake kabatini. Mnamnyima kazi mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, halafu mnasema kero.

Na sasa nakuambia bila kuzunguka: tubadilishane. Chukua nyumba, yote, hata leo, nami nirudishie Mama. Nilivyokata vile sikukata ili uchague. Nilidhani mtu mwenye akili timamu akiona mama yake ameandikwa kwenye mafungu, upande mmoja yeye na upande wa pili matofali, ataona haya, ataniambia nimepotoka, na hapo ndipo tutaanza kuongea kama ndugu. Hukuona haya. Ulichagua kwa sentensi moja, kama mtu aliyesimama mbele ya meza ya nyanya sokoni.

Mrudishe. Nitakuja kumchukua mwenyewe kwa basi, gari lako la kazi silihitaji.

Sindano


Tarehe 1 Mei

Sindano,

Sasa nimekuelewa. Ulinitega.

Mimi nilikuja kwako kwa moyo safi, nikakupa kisu mkononi, wewe ukakitumia kunipima utu. Halafu mtego ulipofyatuka vibaya unataka tuanze upya. Haiwezekani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na tabia hiyo hiyo. Unakata, nachagua, kisha unalia kwamba ulitaka kile changu. Na Mama hakukurudishia hata siku moja.

Unadhani sikujua uzito wa lile fungu la nyumba? Nimepanga nyumba za watu miaka yote hii. Chumba kile cha mbele peke yake kingenitoa kwenye kodi. Lakini Mama alitufundisha na jambo la pili, ambalo wewe kwa udogo wako halikukuhusu: vipande visipolingana, mkubwa achukue kidogo. Nimefanya hivyo tangu ukiwa huna meno. Hukuwahi kugundua, kwa sababu anayepewa kikubwa hana sababu ya kutazama sahani ya mwenzake.

Nilichukua kidogo, Sindano. Kikubwa nikakuachia wewe. Badala ya ahsante umeniletea matusi ya sokoni, na matusi ya sokoni nayapata ya kutosha kazini.

Mama habadilishwi. Mazungumzo hayo yameisha.

Kaka yako


Tarehe 9 Mei

Wifi yangu,

Hatujazoeana kuandikiana, na mume wangu hajui kwamba nimekaa kuandika. Ningekupigia, lakini namba yako iko kwenye simu yake, naye simu yake haiachi mahali. Nimekuandikia kwa anwani ya nyuma ya bahasha zako.

Mama hataki kula. Si leo wala jana, ni tangu siku za mwanzo mwanzo.

Si kwamba anakataa kwa ugomvi. Ukimwekea sahani anachukua ukingo wa kijiko, anagawa katikati, upande huu na upande huu. Mkate anaukata vipande viwili sawasawa kabisa, mpaka unashangaa, maana mikono hiyo hiyo hutetemeka akishika kikombe. Halafu anausukuma katikati ya meza, anakunja mikono, anatazama mlango. Mwanzoni tulicheka, Mungu anisamehe. Mume wangu akichukua kipande ili amwoneshe kwamba ni ruhusa kula, anapigwa kofi mkononi, anaambiwa kana kwamba kisu alishika yeye: "Wewe ndiye umekata. Mngoje mwenzako achague." Basi tunangoja wote. Chakula kinapoa, naondoa vyombo.

Nilijaribu kujifanya mimi ndiye mwenzake. Alinitazama kwa adabu sana akaniambia nguo zangu bado hazijakauka. Pasi niliitoa kabatini bila ruhusa, alifurahi siku moja, lakini mezani ikawa yale yale.

Nilimwambia mume wangu akuite. Akasema wewe ukiitwa utasema ameshindwa. Nikamwambia mtu mzima anakwisha mbele ya macho yetu. Akavaa kofia ya kazi akatoka.

Nilimpokea mama yenu nikijua ni mzigo, sitakudanganya. Nilijiandaa kwa kumwosha na kumchunga. Sikujiandaa kwa mtu anayekaa na sisi kila siku huku anangoja mtu mwingine. Sasa amekuwa mwepesi, namnyanyua peke yangu. Leo asubuhi tumempeleka hospitali ya mkoa, wamemlaza. Anamkatia mpaka muuguzi.

Njoo, wifi. Usisubiri kuambiwa wakati umefika.

Wifi yako


Tarehe 18 Juni

Sindano,

Nimeacha siku zipite baada ya mazishi ili nisiandike kwa hasira. Hasira haijaisha, lakini kazi imenirudisha kwenye akili.

Ulinivunjia heshima makaburini. Mbele ya wazee, mbele ya wafanyakazi wenzangu waliokuja na sare, ulinyoosha kidole ukasema nimemuua kwa njaa. Madaktari wameandika mapafu. Kama hukuona karatasi, ninayo.

Na kwa kuwa umeshaongea wewe, acha niongee na mimi. Kila mlo nilikaa naye. Kila siku nilipigwa mkono na mama yangu mzazi, mimi mwenye mvi, nikaambiwa ningoje. Kila siku aliyeulizwa ni wewe. Mimi niliyekuwa mbele yake, niliyemchagua, hakunihesabu. Nilikuwa ni yule aliyekata tu. Unajua inavyouma? Nilikuficha kwa sababu nilidhani akizoea ataacha, na kwa sababu sikutaka kukupa furaha. Ndiyo, na hiyo ilikuwepo. Siwezi kuifuta.

Lakini tuje kwenye haki. Wewe ulikuwa na fungu lako, mimi langu. Langu limekwisha, limo ardhini. Lako limesimama, lina paa na mlango. Mtu yeyote anayejua mizani ataona imelala upande gani. Naomba nyumba tuigawe upya. Na ili usiseme nakuonea, safari hii nitakata mimi, uchague wewe.

Kaka yako


Tarehe 30 Juni

Kaka,

Nyumba sitachagua. Ukiitaka ichukue yote, funguo ziko kwa fundi seremala wa ng'ambo. Cherehani nimeihamishia kwa mwenzangu mmoja mwenye duka la vitambaa. Sitaki tena katika maisha yangu kukaa mbele yako na kuulizwa nataka kipi.

Niliyosema makaburini siyarudishi. Na lile neno lako la mwezi wa tano, kwamba Mama alikuwa kidogo, nalo sikurudishii. Nitakuwa nalo mpaka nami nife. Lakini kuna jambo la hospitali sikukuambia, maana pale tulikuwa tunanuniana, na kila mmoja angelitumia kumpiga nalo mwenzake.

Siku niliyofika wewe ulikuwa umekwenda kutafuta dawa. Wifi alikuwepo, muulize. Kwenye kile kimeza cha kando ya kitanda kulikuwa na mkate, Mama ameshaukata vipande viwili. Aliponiona nimeingia, hakuniita jina. Sijui alinitambua au aliona tu kwamba mtu wa pili hatimaye amefika. Akasukuma sahani akasema, "Chagua."

Nikachagua. Nikala palepale, nimesimama na mkoba begani, na ulikuwa mkavu sijui wa tangu lini. Uso wake ulifunguka, kaka. Nikamtazama wifi, nikamwambia kwa macho, umeona, sasa atakula. Kile kipande cha pili Mama akakichukua, akakifunika kwa leso, akasema hicho cha kaka yako akirudi. Kisha akalowesha kidole kwa ulimi, akaokota makombo yaliyobaki kwenye sahani, moja moja, mpaka yakaisha. Akasema ameshiba.

Nadhani unaiona picha. Ndivyo alivyokuwa akifanya nyumbani, siku zote, sisi tukiwa na midomo imejaa. Kidole kwenye ulimi, kidole mezani. Mimi nilikuwa nikidhani anafuta meza. Nilikuwa najisifu shuleni kwamba mama yangu ni msafi, hawezi kuona kombo mezani.

Mkate ulikuwa mmoja na kisu kilipita mara moja tu. Ukaenda na somo hilo sokoni ukawafundisha wenye maduka. Nami nikakaa kwenye cherehani yangu nikakuandikia mafungu mawili, nikajiona nimekukomesha. Tumeshindana miaka hii yote nani alipata kikubwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu watu waliokaa mezani. Nakulaumu, na nitakulaumu kesho pia, lakini hili nalibeba nusu.

Kesho yake nilinunua mkate mpya, laini. Nilikaa kitandani pake nikaukata mwenyewe, taratibu, aone. Vipande vitatu. Nikachukua changu. Chako nikakiweka chini ya leso. Cha tatu nikakisukuma mbele yake.

Alikitazama muda mrefu. Akanitazama mimi, akatazama mlango. Halafu akajivuta akakaa vizuri, akanyoosha shuka kwa viganja kama anavyonyoosha kola, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna mgeni?"

Sindano